Kabla Hujatuma Depoziti, Jua Mwenzako Anaamini Nini

(Niliongea haya mbele ya wafanyabiashara wenzangu Dar es Salaam, wengi wao wanaagiza mzigo nje na wachache wanauza nje. Watu waliniomba niiandike, nimeiandika kama nilivyoongea.)

Shikamooni wakubwa zangu, vijana wenzangu habari za mchana, na nyie ndugu zangu wa Kariakoo mliofunga duka mapema kuja hapa nawashukuru kwa dhati kabisa, najua lisaa limoja la duka kufungwa saa hizi ni hela inapita mlangoni.

Nimeombwa niongelee tofauti za tamaduni kwenye biashara za kimataifa. Watu wengi wakisikia hivo wanategemea niwafundishe kupokea kadi ya Mjapani kwa mikono miwili, au usimpe Mwarabu kitu kwa mkono wa kushoto. Hayo ni mambo ya adabu, yajueni, ila sijawahi kuona mtu kafilisika kwa sababu kashika kadi kwa mkono mmoja. Kinachofilisi watu ni kingine na ndo nataka tukae nacho leo. Kila sehemu duniani watu wana pahala wanapoweka imani yao ya biashara. Kuna wanaoiweka kwenye karatasi, kuna wanaoiweka kwa mtu waliyekula naye, kuna wanaoiweka kwenye ukoo, na kuna wanaoiweka kwenye mfumo ambao hata sura ya muuzaji huioni. Ukienda kwa mtu bila kujua yeye imani yake kaiweka wapi, mnaweza mkapeana mikono mnacheka na kila mtu akaondoka na makubaliano yake kichwani, na hamna hata mmoja aliyedanganya.

Tuanze na China maana wengi wenu hapa mzigo unatoka huko.

Hapa kwetu mama akija dukani kununua shuka, shuka lipo mezani, kalikunjua, kalishika, kalivuta pembeni aone kama linaonesha mkono, anaambiwa elfu 35 anasema mi nna 20, mnavutana pale mpaka 25, anaondoka na shuka lile lile alilolishika. Bei imeshuka, kitu kimebaki kile kile, kilichopungua ni faida ya mwenye duka basi. Hiyo ndo maana ya kuvutana bei kwetu, tumezaliwa tumeikuta. Sasa unapanda ndege na akili hiyo hiyo unaenda nayo Yiwu au Guangzhou, unakaa kwenye kile kistuli mbele ya kalkuleta, dada anakuandikia namba unafuta unaandika yako, anafuta anaandika yake. Inafanana kabisa na Kariakoo. Ila kuna kitu kimoja hakifanani na ndo kinaumiza watu: shuka lako halijashonwa bado. Lile la mezani ni sampo tu.

Kwaiyo ukisema punguza anapunguza, ukisema bado anapunguza tena, unatoka pale unapiga simu nyumbani kwamba nimembana kweli kweli. Na yeye kichwani anapiga hesabu zake, kitambaa kilikuwa cha gramu 120 kwa mita ya mraba tutampa cha 90, rangi tutaweka ile ya bei ya chini, uzi wa kushonea tutabadilisha, boksi la tabaka tano tutamfungia la tabaka tatu. Mzigo unafika Dar mwezi wa tatu, wateja wanafua mara mbili shuka limekuwa chandarua, unasema Wachina wezi. Sasa mimi naomba mnielewe vizuri hapa, wezi wapo, nitafika huko. Lakini huyu dada kwa namna anavyoielewa kazi yake hajakuibia kitu, wewe ulimwambia bei unayoitaka na yeye kakutengenezea shuka la bei hiyo. Kwake bei ni maelezo ya bidhaa. Kwako bei ni mvutano wa faida. Mlikuwa mnafanya michezo miwili tofauti kwenye kalkuleta moja.

Na anayejua hili habishani bei kwanza. Anasema nataka shuka la gramu 120, upana huu, urefu huu, rangi isiyochuja, foronya mbili, mfuko wa zipu, boksi la tabaka tano, nipe bei. Bei ikitoka ndo anauliza, ukitaka kunipunguzia utapunguza kwenye nini? Hilo swali la mwisho lina thamani kuliko wiki nzima ya kuvutana, maana anakujibu kabisa bila kificho, atakwambia hapa nikitoa zipu inashuka kiasi hiki, nikikuongezea idadi inashuka kiasi hiki. Afu mnachukua sampo mbili, mnasaini zote, moja unaondoka nayo na moja inabaki kiwandani, na kwenye oda mnaandika mzigo ufanane na sampo iliyosainiwa. Depoziti mara nyingi ni asilimia 30, ile 70 inalipwa mzigo ukishatengenezwa kabla haujaachiwa. Hapo katikati ndo mtu wako aende kiwandani afungue maboksi, apime. Ukishatuma ile 70 bila kufungua boksi hata moja, ndugu yangu, umebaki na dua.

Na kwa upande wa karatasi, wengi tunatafuta sahihi ya bosi. China kinachofunga kampuni zaidi ni muhuri, ule mwekundu wa duara, umesajiliwa na mamlaka. Mkataba wenye sahihi nzuri ya kalamu na hauna muhuri wa kampuni, na tena umeandikwa Kiingereza peke yake, siku ya ugomvi utakupa tabu sana.

Lakini karatasi peke yake huko haitoshi, na hapa ndo uzuri wake ulipo. Wenye viwanda wengi wanaangalia wewe ni wa oda moja au ni wa miaka. Ukirudi mara ya pili, ukala naye, ukaulizia mtoto wake aliyekuwa anafanya mtihani, ukamtumia salamu WeChat, ule mtandao wao wa kuchati, siku ya sikukuu yao, unaingia kwenye kundi lingine kabisa la wateja, likitokea tatizo la mzigo anakupigia mapema. Hilo sisi tunaliweza kuliko Mzungu yeyote, maana ndo maisha yetu, tunasalimiana mpaka na mbuzi wa jirani. Tatizo tunaliacha uwanja wa ndege, tukifika kule tunajifanya watu wa haraka.

Jambo lingine la huko ni kukubali kwa mdomo. Ukimuuliza muuzaji tarehe 10 itakuwa tayari? atasema hamna shida. Kukataa mbele ya mgeni kunamvunjia heshima mgeni na kunamvunjia yeye. Na sisi tunalijua hili, fundi cherehani wa mtaani kwako akikwambia njoo Ijumaa unajua kabisa moyoni kwamba Ijumaa hamna nguo, ila humuulizi mbele za watu. Kwaiyo usiulize maswali ya ndio na hapana. Uliza kitambaa kinaingia kiwandani lini, nitumie video kikiingia, mashine ngapi ziko kwenye oda yangu. Akianza kuzunguka kwenye hayo ndo jibu lako hilo.

Na kalenda jamani. Mwaka mpya wa Kichina unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, unahama kila mwaka. Wafanyakazi wa viwandani wengi wametoka mikoa ya mbali, wanaondoka kabla ya sikukuu kwenda kwao, kiwanda kinaweza kulala wiki mbili mpaka nne, na wengine hawarudi, kiwanda kinaajiri wapya wanaanza kujifunza kwenye oda yako. Kila mwaka namuona mtu kaweka oda ya mzigo wa Idd au wa sikukuu nyingine mwezi wa kwanza katikati afu analalamika kachelewa. Familia kule zinakutana mara moja kwa mwaka, huwezi ukaibishia hiyo kwa barua pepe.

Msifikiri haya yanatukuta sisi wadogo tu. Makampuni makubwa yenye mawakili na watafiti yamepigwa hivi hivi. Ebay, soko la mtandaoni la Marekani, iliingia China mwaka 2002 kwa kununua sehemu ya kampuni ya pale inaitwa EachNet, mwaka 2003 ikainunua yote, ilikuwa na hela na jina. Mwaka huo huo 2003 Alibaba, kampuni ya Wachina wenyewe, wakaanzisha soko lao la mtandaoni, Taobao. Sasa angalieni tofauti. Ebay ilikuwa inaishi kwa ada, kwaiyo haikutaka mnunuzi na muuzaji waongee pembeni kabla ya malipo, wasije wakamalizana nje. Taobao haikutoza ada wauzaji na ikaweka sehemu ya kuchati hapo hapo, mnunuzi anamuuliza muuzaji, anaomba punguzo, wanajuana. Afu wakaongeza Alipay, hela ya mnunuzi inashikwa kwanza mpaka athibitishe kwamba kitu kimefika na kiko sawa. Hebu fikirieni nyie wenyewe, mngenunua kwa mtu msiyemuona ambaye hamruhusiwi hata kumsalimia? Kufika Disemba 2006 ebay ikaufunga mtandao wake wa China ikaingia ubia na kampuni ya pale. Teknolojia ilikuwa nayo. Alichokijua mwenzake ni kwamba mteja wa pale haachii hela kabla hajaongea na mtu.

Na Walmart, wale Wamarekani wa maduka makubwa, walivyoenda Ujerumani, hii naipenda kuieleza kwa urefu kidogo maana ina mafunzo pande zote. Waliingia mwisho wa mwaka 1997 kwa kununua maduka ya Wertkauf, mwaka uliofuata wakachukua ya Interspar. Wakampeleka bosi Mmarekani na lugha ya uongozi ikawa Kiingereza, yaani meneja Mjerumani aliyeendesha duka miaka 20 anakaa kwenye kikao cha kwao anatafuta maneno. Wakaleta na mambo yaliyofanya kazi Marekani, wafanyakazi waimbe wimbo wa kampuni asubuhi, watabasamu kwa kila mteja, mtu asimame mlangoni kukaribisha, mwingine akufungie vitu kwenye mifuko. Wateja Wajerumani wengi hawakutaka mtu ashike vitu vyao walivyonunua, na zile tabasamu za watu wasiowajua waliziona za ajabu, iliripotiwa wapo wanaume waliodhani wanatongozwa. Afu mwaka 2005 kampuni ikaleta kanuni za maadili kutoka makao makuu, ndani yake kuna kukataza mapenzi kazini na kuna simu ya kuripoti wenzako. Ujerumani, nchi ambayo upande wake mmoja uliishi miaka 40 na polisi wa siri wanaoishi kwa kuchongeana, unamwambia mfanyakazi ampigie simu bosi kumsema mwenzake! Mahakama zikaitupa sehemu ya hizo kanuni. Julai 2006 Walmart wakatangaza wanaondoka, maduka 85 wakawauzia Metro, kampuni ya Wajerumani, hasara ilikuwa kama dola bilioni 1.

Ila nisiwadanganye, utamaduni peke yake haukuwaondoa. Aldi na Lidl, maduka ya Wajerumani wenyewe, walikuwa pale na bei za chini ambazo Walmart hakuziweza, mamlaka ya ushindani mwaka 2000 iliwazuia kuuza baadhi ya vyakula vya msingi kama maziwa chini ya bei waliyonunulia, na maduka waliyonunua yalikuwa yametawanyika. Ninachotaka mkione ni hiki, kampuni inapokuwa kwenye shida ya bei inahitaji wafanyakazi na mameneja wa pale waiambie ukweli mapema, na wao walishawafunga midomo kwa Kiingereza na nyimbo. Mjerumani imani yake ya kazi iko kwenye kanuni zilizokubaliwa na chama cha wafanyakazi na baraza la kazi, unakaa nao mezani mnabishana mnasaini. Wao walileta furaha kama maelekezo kutoka juu.

Sasa tugeuke kwetu, maana tunasomewa hizi habari za Marekani kama vile sisi hatuna historia ya biashara ya kimataifa, na hii pwani imefanya biashara na dunia kabla hata hizo kampuni hazijawazwa.

Mwaka 1833 Seyyid Said wa Oman na Zanzibar aliweka mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa kule Salem, Massachusetts, akafika Unguja. Alikuta mfumo ambao haukuandikwa popote kwa Kiingereza, forodha yote imekodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Shivji, na bila yeye meli yako haishushi mzigo vizuri. Mkristo wa Amerika akakaa chini na Mhindu chini ya sultani Mwislamu, wakafanya biashara miaka, pembe za ndovu na gundi zikaondoka, vitambaa vya pamba vikaingia mpaka vikapata jina la kwao, merikani. Mtu wa bara alikuwa anaijua merikani ya kweli kwa kuishika, uzito wake na ufumaji wake, ukimletea ya kuiga anaisukuma pembeni.

Na shanga, maana ndo zilikuwa hela ya njiani kwenda bara. Stanley alipokuwa Unguja mwaka 1871 anajiandaa kwenda kumtafuta Livingstone alilazimika kwanza kukaa na wafanyabiashara wa pale wamfundishe shanga. Maana shanga nyeusi zinakwenda Ugogo lakini ukizipeleka kwingine hamna anayezitaka, zile kubwa za sungomaji zina thamani Ujiji ila njiani kote zinakataliwa, nyeupe zinapendwa hapa na kudharauliwa pale. Ukikosea umebeba mzigo wa wapagazi miezi kadhaa kufika mahali ambapo hela yako ni kokoto. Kule Ulaya walikuwa wanawaona hawa watu kama hawajui kitu, wapokee shanga yoyote inayong'aa, kumbe mteja wa Ugogo alikuwa na chaguo lake kamili na mfanyabiashara aliyeishi alikuwa yule anayeliheshimu.

Afu kanga yetu. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 kanga nyingi zilikuwa zinachapwa nje, Uingereza na Uholanzi, baadaye India na Japani. Ila michoro na maneno yalikuwa yanatoka huku. Wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wanabadilisha fasheni haraka sana, kanga ya mwezi uliopita haiguswi tena, kwaiyo wenye maduka kama Kaderdina wa Mombasa, yule wa Mali ya Abdulla, kazi yao ilikuwa kusikiliza wanawake wanasema nini, wanataka nini, afu wanapeleka oda kiwandani maelfu ya kilomita. Mwenye mashine wa Uingereza hajui hata neno moja lililoandikwa pale, hajui kwamba maneno yale mke mwenza akiyaona yatamchoma, anachojua ni kwamba akibadilisha herufi moja au akileta mchoro wa kwake mzigo utalala. Biashara kubwa ya dunia ilisubiri mwanamke wa Unguja aamue. Kila nikiifikiria hii naona fahari, na najiuliza leo kwa nini tunaingia kwenye hizi biashara tumeinama kama tunaomba.

Turudi kwenye karatasi. Wale mnaoagiza magari Japani mnajua ile shiti ya mnada. Gari linakaguliwa na mtu asiyekujua wala asiyemjua muuzaji, linapewa gredi, 4 au 4.5 au 3.5, likiwa liligongwa likatengenezwa linapewa R, na pembeni kuna mchoro wa gari na alama, A1 mkwaruzo mdogo, U1 kubonyea kidogo, W palishanyooshwa, XX kipande kimebadilishwa. Mtu yuko Mwanza ananunua gari ambalo halijui wala hajawahi kufika Japani, na analipata kama lilivyoandikwa. Imani yote iko kwenye ile shiti na yule mkaguzi. Sasa mtu anayetoka kwenye mfumo huo ukimwambia niamini kaka mimi ni mtu mzuri, hana pa kukuweka. Anataka shiti yako iko wapi.

Hivo hivo kwa wanaouza parachichi, maharage mabichi, viungo, maua kwenda Ulaya. Mnunuzi wa Uholanzi anaweza akawa mtu mchangamfu kabisa, akakwambia usoni kwamba mzigo wako mbaya bila hata kukusalimia vizuri, na hajakutukana, ndo kuongea kwao huko, kesho yake anaagiza tena. Ila anataka rekodi, shamba lipi, dawa gani ilipigwa tarehe ngapi, nani alipiga, mlisubiri siku ngapi ndo mkavuna. Nimekaa na wakulima wanaona hizi fomu kama dharau, kwamba hawatuamini Waafrika. Jamani anamuuliza hivo hivo na mkulima wa kwao. Maua ya Kenya yanayouzwa mnada wa Aalsmeer, kule kule Uholanzi, yanauzwa kwa saa ya mnada, bei inaanza juu inashuka yenyewe, wa kwanza kubonyeza ndo kanunua, hamna salamu hamna kuvutana, sekunde chache limeisha. Rekodi yako kwenye ule mfumo ndo jina lako. Ukichelewesha mara mbili, ukichanganya gredi, hamna mjomba wa kukuombea.

Upande wa Ghuba nitapita haraka maana wengi mna ndugu kule mnajua kuliko mimi. Dubai tangu Januari 2022 mapumziko ni Jumamosi na Jumapili na Ijumaa wanafanya nusu siku, Oman na Saudia bado ni Ijumaa na Jumamosi, kwaiyo mtu anayepanga ziara ya siku nne Muscat na Dubai bila kuangalia hili anakaa hotelini. Ramadhani masaa ya kazi yanapungua, mambo yanahamia usiku. Na kampuni nyingi ni za familia, huyo kijana mnayechati naye anaweza akawa hana maamuzi, mwenye maamuzi ni baba au kaka mkubwa ambaye atakuja kukaa na wewe kwenye kahawa nusu saa bila kugusa biashara. Hiyo nusu saa ndo kikao chenyewe.

Na majirani zetu. Tunafikiri kwa sababu tunaongea Kiswahili wote basi hamna utamaduni wa kujifunza. Mkenya akija dukani akasema nipe hii bei gani, Mtanzania anaona kavamiwa. Mtanzania akienda ofisi ya Nairobi akaanza habari za nyumbani, za watoto, za safari, mwenzake anaangalia saa anajiuliza huyu atasema lini kilichomleta. Biashara zinakufa hapo hapo, na wote walikuwa na nia njema kabisa. Wakongo wanaokuja Kariakoo kutoka Lubumbashi na Bukavu nao wana yao, wanataka umuite mama au papa, umkalishe, na ukishamuhudumia vizuri anataka wewe tu, hata ukiwa na bei ya juu kidogo kuliko jirani. Mawinga wetu, wale wanaovuta wateja kwa kamisheni, wanawakimbilia wanawavuta mikono huku na huku na tunapoteza wateja wa miaka kumi kwa kamisheni ya siku moja. Hilo mi linaniuma sana nasema wazi.

Hata M-Pesa, kitu chetu cha kujivunia, kilianza Kenya 2007, kikaja Tanzania 2008, kikaenda Afrika Kusini 2010 na watu wakasema kitashinda tu maana ni Afrika. Mwaka 2016 wakaifunga. Afrika Kusini watu wengi walikuwa tayari na akaunti za benki na sheria za kibenki zilikuwa ngumu, na tayari walikuwa na njia za kutumia familia hela kupitia maduka makubwa na benki zao. Kenya na kwetu hela ilikuwa inapita kwa kondakta wa basi na kwa binamu anayesafiri, kwaiyo wakala wa M-Pesa alichukua nafasi ya mtu ambaye alikuwa anaaminiwa kwa shida. Kule hiyo nafasi ilikuwa imejazwa.

Sasa nilisema nitarudi kwa wezi. Kuna tabia imeingia ya kusema ni utamaduni wao kwa kila kitu. Kiwanda kimekuletea mzigo tofauti na sampo iliyosainiwa, hiyo sio utamaduni, ni wizi, na Mchina mwenzake angemfungulia kesi. Mwekezaji anakuja hapa anamtukana mfanyakazi mbele ya wenzake afu anaambiwa ndo walivyo, hapana, kwao kuna sheria za kazi na hathubutu. Na sisi tusijifiche humo humo, mgeni akituuliza mzigo uko wapi tunamwambia hapa ni Afrika, pole pole, kumbe tulimpa mwingine hela yake. Utamaduni halisi una kanuni zake na watu wake wanazijua na wanaoneana aibu wakizivunja. Ukitaka kujua kama ni utamaduni au ni uhuni, muulize mtu wa pale pale asiyehusika na dili lako.

Na msimuweke mtu kwenye boksi la taifa lake. Kuna utafiti maarufu sana unatumika mpaka leo vyuoni, mtafiti wa Kiholanzi alitumia madodoso ya wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama za utamaduni. Ulifungua macho ya watu wengi, lakini kwenye matokeo Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zimewekwa pamoja kama kitu kimoja, Afrika Mashariki. Mtu wa Addis, mtu wa Tanga na mtu wa Kitwe wana alama moja! Mkiona hivo mtajua na sisi tunaposema Wachina wako hivi, Wahindi wako hivi, tunafanya kosa lile lile. Mwenye kiwanda wa Wenzhou na injinia wa Shenzhen aliyesoma Canada hawafanani, mmoja atataka chakula cha jioni na mwingine atataka faili la maelezo tu.

Kwaiyo kabla hujatuma depoziti, kaa chini andika majibu ya mambo haya kwa huyo mtu mmoja unayefanya naye kazi. Bei kwake inamaanisha nini. Akisema ndio nitahakikishaje. Nani kwao ana neno la mwisho na nimeshamuona? Siku zao za kulala ni lini. Tukigombana atakwenda kwa nani kwanza, mahakamani, kwa mzee, kwa ajenti, au ataninyamazia tu. Ukikosa jibu la hata moja mpigie mtu aliyewahi kufanya naye kazi, wapo humu humu ukumbini, msifichane. Tunafichana ajenti, tunafichana kiwanda, afu wote tunapigwa na mtu yule yule mmoja baada ya mwingine.

Nina nakala za fomu ya oda ninayotumia, ya Kiswahili na ya Kichina, ina sehemu ya gramu, vipimo, boksi na sampo, ziko mezani pale mlangoni, chukueni bure. Karibuni maswali, tuanze na yule mama wa vitenge aliyeinua mkono muda mrefu.